Nyekundu Iko Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Wiki ya sita ya mafunzo na hawa wa mradi bado hawajatuomba chochote. Hilo ndilo linaloniwasha. Ovaroli bure, viatu bure, chai ya saa nne bure, ufundi wa umeme bure. Vijana ishirini tuliokuwa tunazurura mtaani, leo tunaitwa "wanufaika". Neno lenyewe sijalipenda.

Mama Faili kakaa tena nyuma ya karakana, anaandika. Ndiye afisa wa kutusaidia, na hatembei bila faili kifuani. Leo kaniuliza nalala wapi. Kwa dada. Chumba gani? Sebuleni, kwenye kochi. Akaandika! Kochi la watu linamhusu nini?

Jioni shemeji kauliza kozi inaisha lini. Kauliza kwa upole. Shemeji akiwa mpole, kuna namna.

Jumatano, 5 Machi

Kumbe nafasi za kazi ni kumi na mbili tu. Mwalimu katangaza asubuhi: kampuni ya ujenzi itachukua kumi na wawili, wanane "watasaidiwa kutafuta kwingine". Nawajua hao wa kutafuta kwingine. Mimi nikiwa mmoja wao, narudi kwenye kochi, na kochi lenyewe linahesabiwa siku.

Kila mtu akamgeukia mwenzake wa benchi. Mimi nikamgeukia Kinyozi — alikuwa ananyoa watu kando ya barabara kabla ya kuletwa huku. Nikakuta yeye kaniangalia tayari.

Sasa niandike kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu. Nyekundu na kijani kwangu ni rangi moja. Tangu utotoni. Dada alikuwa akinituma nyanya mbivu, narudi na mbichi, nachapwa. Mwisho nikajifunza kuzibonyeza. Mpaka leo anadhani ulikuwa uzembe, nikauacha nilipokua.

Huku waya mwekundu ndio wa moto, unaoleta umeme. Wa kijani ni wa ethi, unaokinga mtu asipigwe na umeme. Mweusi sina ugomvi nao. Hao wawili nawajua kwa mahali roli zao zinapokaa stoo: nyekundu iko kushoto, kijani kulia. Nikishakata, mwekundu nauuma kwa meno nipate alama. Wiki sita nimepita salama. Jino tu linauma.

Kinyozi kaniuliza kwa nini natafuna waya. Nikamwambia mazoea. "Haya, Inspekta," akasema. Ndivyo wanavyoniita, eti nampeleleza kila mtu.

Ijumaa, 7 Machi

Kinyozi kasogeza stuli yake karibu na yangu. Hakuna aliyemwambia asogee. Nikae chonjo.

Jumanne, 11 Machi

Niandike taratibu.

Kazi ya leo: kufunga taa yenye sanduku la chuma, wawili wawili kwa benchi. Nikaenda stoo kama kawaida, nikakata kushoto, nikakata kulia, nikauma. Nikafunga mimi, Kinyozi akashughulika na swichi. Kazi safi kabisa. Mwalimu akawasha. Taa haikuwaka. Kabla ya kushika chochote akagusisha testa, ile bisibisi ya kupimia umeme, kwenye sanduku, na testa ikawaka.

Sanduku zima lilikuwa na moto.

Akazima. Akafungua, akatuonyesha mwekundu umefungwa kwenye sanduku, mahali pa kijani. Akasema kwa sauti ya chini, na afadhali angefoka, kwamba ingekuwa nyumba ya mtu, na mama mwenye nyumba kapanda stuli kufuta vumbi, sasa hivi tungekuwa tunachanga sanda. Kisha akauliza nani kafunga.

"Mimi, mwalimu," akasema Kinyozi.

Mimi! Hata hakunitazama. Mwalimu akamkata alama mbele ya watu wote, na mimi nikakaa pale mdomo umefungwa kama mzigo. Naona aibu. Lakini najiuliza pia: mtu anajitwisha kosa la mwenzake kwa faida gani, wakati nafasi ni kumi na mbili? Ananiweka mkononi. Siku moja atanikumbusha.

Na roli nani kazihamisha? Nilirudi stoo kuangalia. Stoo imefagiliwa, kila kitu kimepangwa upya. Mlinzi anasema jana jioni walifagia wanafunzi wawili. Mmoja alikuwa Kinyozi.

Jumatano, 12 Machi

Nimepita nyuma ya ofisi kwenda kunawa. Dirisha wazi. Kinyozi yuko na Mama Faili. Nimesikia maneno matatu tu, "peke yake hawezi", kisha wakaniona. Mama Faili akafunga faili. Kinyozi akajitia hamnazo, akaanza kuisifia mvua iliyonyesha juzi.

Basi. Kanichongea. Kumbe lile la jana lilikuwa la kunipumbaza.

Nimehamisha stuli yangu.

Alhamisi, 13 Machi

Limetangazwa: Jumatatu wote kupimwa macho. Eti ni sharti la kampuni. Mama Faili akaongeza kwamba mwenye tatizo lolote aende kwake kabla ya siku hiyo, wataona namna, kazi za ufundi si za waya pekee. Kaongea huku kanitazama mimi. Ndivyo wanavyonasa watu — njoo mwenyewe, jiandike mwenyewe.

Sikwenda.

Jumapili, 16 Machi

Nimekaa na dada jikoni nikimsaidia kumenya vitunguu. Karibu nimwambie. Kaniambia shemeji anataka kuleta mdogo wake mwezi ujao, na sebule ni moja. Kasema huku anaangalia sufuria. Nikachukua kitunguu kingine.

Jumatatu, 17 Machi

Zahanati. Naandikia kwenye goti. Foleni ni benchi refu ukutani, anaingia mmoja mmoja. Wakitoka hawapiti kwetu, wanaelekezwa mlango wa nyuma. Makusudi hayo.

Kinyozi kaingia kabla yangu. Hatujasemeshana tangu Jumatano. Kakaa humo muda mrefu.

Ametoka sasa hivi. Hakupita mlango wa nyuma. Alimwambia nesi kasahau kofia, akaja akakaa kando yangu, akainama kufunga kamba za viatu. Akaongea na kiatu.

Ni kitabu, akasema. Kurasa za madoadoa, ndani ya madoa kuna namba. Wa kwanza kumi na sita. Wa pili tano. Wa tatu sabini na tatu. Wa nne sema huoni kitu, hamna kitu kweli. Wa tano arobaini na mbili. Akarudia mara mbili.

Nikamuuliza kajua tangu lini.

"Tangu ulipoanza kutafuna waya. Stoo nilifagia mimi, roli sikujua, nisamehe. Mama Faili nilimwomba atupange kazi moja, macho yako sikuyataja. Rangi utaniachia mimi."

Akaondoka. Hana kofia huyu. Sijawahi kumwona na kofia.

Namba nimeziandika kiganjani. Nazitazama na sina njia ya kuzihakiki. Alama zake zimekatwa, nikianguka mimi yeye anapanda. Ningekuwa yeye ningefanyaje?

Zikiwa za kweli, nitapita, na ipo siku Kinyozi ataugua, na mimi nitafunga umeme nyumba ya mtu peke yangu. Zikiwa za uongo, basi nilikuwa sahihi juu yake siku zote. Nimejikuta naomba ziwe za uongo. Mungu wangu, ndiyo dua ninayoiomba hapa.

Mlango umefunguliwa. Nesi anauliza nani anafuata, na kwenye benchi nimebaki mimi tu