Sajini Ameacha Kunguruma

Songo, Uvira, tarehe 4 Machi 2023

Mdogo wangu Révérien,

Nakusalimu wewe, mke wako na watoto. Kile kikohozi chako cha Krismasi kimekuacha? Na ng'ombe wanaendeleaje na mvua hii? Kwetu hapa hakuna mgonjwa. Mjukuu wangu Vanessa ametimiza miaka minne na anakula kama mvuvi aliyetoka ziwani. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu huko Rurambo simu yako haishiki mtandao mpaka upande kile kilima, na wewe kukipanda hutaki. Michée atakupa barua akirudisha madumu ya maziwa.

Sasa nikuulize. Ulinipa mbwa au ulinipa adhabu? Huyu mtoto wa mbwa tumempa jina Pilipili, na jina limemkaa. Tangu alfajiri yuko juu ya Sajini. Anamng'ata masikio, anamvuta mkia, anamrukia mgongoni, halafu anaishika miguu yake ya nyuma, ile ile inayomuuma. Sajini ana miaka kumi na moja, Révérien. Analala kwenye nguzo ya jiko akitafuta amani yake, na amani haipo. Akichoka ananguruma, na Pilipili anadhani ni mchezo, anarudi kwa nguvu zaidi. Vanessa anapiga makofi. Mimi napiga kelele. Jirani wanacheka.

Unajua huyo Sajini ni nani kwangu. Octave alipofariki, mbwa huyu alikaa siku nne pwani akingoja mtumbwi. Sikuomba mbwa mwingine. Wewe ndiye uliyesema huyu amezeeka, nyumba ya mjane haiwezi kukaa bila ulinzi. Basi niambie mimi dada yako mkubwa nifanye nini, wewe mwenye mbwa sita.

Yaya yako,
Generose

*

Rurambo, 13 Machi 2023

Yaya Generose,

Amani iwe nyumbani kwako. Kikohozi kimekwisha, ng'ombe wamenenepa, mke wangu anakusalimu na anasema barua yako ilimchekesha mpaka akaacha chungu kikaungua. Kwa hiyo tulikula maharage machungu kwa ajili yako.

Yaya, hao wanacheza! Mama yake Pilipili ni mbwa wa kuswaga ndama. Kushika miguu ya nyuma ni kazi ya ukoo wao. Usihangaike. Shida yako ni huyo mzee wako mwenye wivu. Ulimdekeza. Anayenguruma ndiye wa kukanywa, si mtoto. Kata kijiti, na kila akinguruma mpige kidogo mdomoni umwambie hapana. Wiki mbili tu, atajua kwamba mtoto ni wa nyumbani. Huku kwetu wakubwa na wadogo wanalala lundo moja.

Usikasirike haraka, unajua damu yako inapanda.

Mdogo wako,
Révérien

*

Songo, 27 Machi 2023

Mdogo wangu,

Salamu kwenu wote. Sisi wazima, isipokuwa maji ya bomba hayajatoka siku tano na nimekuwa nikibeba ndoo kama msichana. Pole kwa maharage.

Nimefanya ulivyosema. Nilikata kijiti cha mpera. Siku ya kwanza nilimpiga Sajini mara sita, na kila mara aliniangalia kama mtu anayeuliza, "Miye?" Sikupenda. Lakini wiki ya pili ilikuwa mara moja, na sasa hakuna tena. Ameacha kunguruma kabisa. Pilipili anamng'ata, mzee anageuza kichwa upande mwingine, analamba midomo yake, basi. Bugali na vichwa vya ndagala wa ziwani anaacha nusu, mwingine anamalizia.

Kwa hiyo ulikuwa na haki, na usianze kujisifu. Nyumba imetulia. Ni mimi tu ambaye sijatulia, na sijui kwa nini.

Yaya yako,
Generose

*

Rurambo, 17 Aprili 2023

Yaya wangu,

Pasaka njema, ingawa imepita. Mko wazima? Michée ameteremka mara mbili na kurudi mikono mitupu. Nilimwambia kila mtu hapa jinsi nilivyowapatanisha mbwa wa Uvira kwa barua moja. Kama mzee na mtoto wamekuwa marafiki, nikumbuke kwa kikapu cha ndagala wakavu.

Andika basi. Au umekasirika tena?

Mdogo wako,
Révérien

*

Songo, 8 Mei 2023

Révérien,

Wote wazima isipokuwa Vanessa.

Juzi Jumamosi, saa nne asubuhi, nilikuwa naosha vyombo. Pilipili alikuwa kwenye miguu ya Sajini kama kawaida. Vanessa alikwenda kumvuta Pilipili amtoe, maskini, alitaka kusaidia. Sajini aligeuka akamng'ata mkono. Hakunguruma. Hakuonyesha jino. Alikuwa kimya, kisha damu. Nimeishi na mbwa huyu miaka kumi na moja na hajawahi kumgusa mtu bila kuonya kwanza, hata mlevi.

Tulikimbia kwenye dispansari. Walimwosha kwa maji na sabuni muda mrefu, wakamchoma sindano, na ziko nyingine za kurudia. Vidole vyote vinafanya kazi, namshukuru Mungu. Muuguzi alisema tumchunge mbwa siku kumi, akiwa mzima siku ya kumi basi hana kichaa. Lakini shefu wa avenue, mkubwa wa mtaa wetu, alikuja na watu wawili na fimbo. "Mama, ile imbwa iko mubaya. Muiuwe ao tutaiuwa sisi." Nilisimama mbele ya Sajini. Nilimwambia anipe hizo siku kumi. Amekubali mpaka Jumanne ya tarehe 16. Baada ya hapo akionyesha tena ubaya wowote, hawatauliza.

Nakuandikia nikiwa na hasira na sitaificha. Wewe ulisema nimpige. Wewe, mwenye kujua kila kitu kutoka juu ya mlima. Nilimpiga mbwa wa Octave mpaka akanyamaza, na mimi nikakuandikia asante!

Na nitakuambia na lingine, maana linanisumbua usingizi. Siku ya kumaliza matanga, shemeji Héritier alipotangaza kwamba mtumbwi na nyavu za Octave ni za ukoo wao, nilifungua mdomo kusema. Wewe ulinishika mkono. Uliniambia, "Yaya, nyamaza, watu wanaangalia." Nikanyamaza. Walichukua mtumbwi, wakaniachia kamba yake. Kamba hiyo ndiyo ninayomfungia Sajini.

Usinitumie mzaha.

Generose

*

Rurambo, 11 Mei 2023

Yaya Generose,

Naomba Mungu amponye Vanessa haraka. Michée namrudisha baada ya usiku mmoja tu bila kungoja maziwa, barua hii isichelewe.

Nilimuuliza Michée, ambaye anaona uwanja wako kila wiki, Sajini anakaaje. Akaniambia, "Iko imefungwa na kamba tangu asubui mupaka magaribi." Yaya, sikujua. Uliandika kwamba analala kwenye nguzo ya jiko, nami nikadhani amejichagulia kivuli. Octave hakumfunga hata siku moja, walishinda wote pwani. Huku kwetu hakuna mbwa anayefungwa. Mzee akichoshwa na mtoto anaondoka, anakwenda kulala nyuma ya zizi. Sajini hakuwa na pa kwenda. Alichobaki nacho ni sauti yake, na mimi nikakuambia umnyang'anye.

Jana nilikaa zizini nikitazama tu. Mama yake Pilipili ananguruma mara kumi kwa siku! Ananguruma, watoto wanalala chali, wanaachana, kwisha. Miaka yote hiyo nilikuwa naangalia bila kuona. Nilijifanya mwalimu.

Mfungue. Mtafutie mahali mtoto hawezi kuingia. Kila mmoja ale peke yake. Pilipili akizidi, mshike yeye umtoe nje achoke huko. Vanessa asiweke mkono kati yao tena. Na Sajini akinguruma, usimguse.

Kama hutaki kumuona Pilipili, nitakuja kumchukua. Kama shefu anakataa Sajini, nitamleta huku, azeeke hapa.

Kuhusu siku ya matanga sina la kujitetea. Niliogopa aibu. Ilikuwa aibu yangu, si yako.

Mdogo wako,
Révérien

*

Songo, 17 Mei 2023

Mdogo wangu Révérien,

Salamu kwako na kwa wote. Kidonda cha Vanessa kinafunga vizuri, na anaonyesha bandeji kwa kila anayepita kama medali. Wewe je, unakula? Michée anasema umekonda kwa mawazo. Kula.

Barua yako ilifika Ijumaa. Nilimfungua Sajini siku hiyo hiyo. Nilipomtoa kamba alibaki amekaa palepale, kwenye duara la vumbi alilolichimba kwa kuzunguka nguzo. Duara hilo nimelifagia kila asubuhi mwaka mzima. Ilibidi nimwite mara tatu. Kwenye mlango wa stoo nimeweka ubao; yeye anauvuka kwa shida, Pilipili bado anashindwa. Chakula wanakula mbali mbali. Asubuhi natoka na Pilipili mpaka mtoni, anarudi ulimi nje, analala. Nimechoka kuliko nilivyochoka Machi, na bado anaharibu sabuni na kandambili zangu, usidhani amekuwa malaika.

Lakini Sajini alibaki kimya. Jumamosi kimya, Jumapili kimya. Hilo ndilo lililonitisha, maana mbwa asiyeonya ndiye ambaye shefu alikuja kumuua, na shefu alikuwa na haki. Kila Pilipili alipomkaribia nilishikilia roho.

Jana ndiyo ilikuwa siku ya kumi. Shefu alikuja na wale wale wawili. Vanessa nilikuwa nimempakata. Pilipili, kichwa maji, alichagua saa hiyo kuruka kwenye miguu ya mzee. Nikafumba macho. Ndipo nikasikia kitu kidogo, kimekwama kama mlango wenye kutu, halafu kikatoka chote. Sajini alinguruma! Pilipili alianguka chali, tumbo juu. Mzee akamwangalia, akauvuka ubao wake, akaenda kulala.

Shefu akasema, "Ah. Kumbe iko inaonya." Nilimwambia ndiyo, ilikuwa inaonya siku zote, mimi ndiye niliyeikataza. Alipoondoka nilikaa chini kwenye mavumbi nikalia mpaka Vanessa akaniletea maji. Sajini anabaki. Pilipili naye abaki, usije kumchukua.

Kamba ya mtumbwi sijaitupa. Nimeikunja na kuiweka kwenye mfuko, maana Jumapili baada ya misa nakwenda nayo kwa shemeji Héritier, mbele ya ukoo wote, kuulizia mtumbwi ulioendana nayo. Ukitaka kuja, teremka Jumamosi, utalala hapa. Lakini usinishike mkono.

Yaya yako,
Generose