Namba Kumi na Nne Haikuwa Tupu

Jumamosi, 2 Machi 2002

Nimeamka saa kumi na moja. Bomba limeganda tena. Mabirika mawili ya maji ya moto kwenye kiungo chini ya sakafu, kama kila asubuhi ya baridi tangu tuhamie hapa. Maji yametoka saa moja kasorobo. Binti yangu Rehema ameondoka bila kuoga. Amenilaumu kwa Kiingereza, kana kwamba baridi nimeileta mimi kutoka Unguja.

Orodha nimeimaliza. Nyumba thelathini na nane. Zote zilitengenezwa kiwandani, zikaletwa kwa lori, zikawekwa juu ya matofali. Watu huziita karavani ingawa haziendi popote. Ardhi ni ya kaunsili, halmashauri ya hapa, na kaunsili imeomba ruzuku ya serikali: mabomba mapya, nyaya mpya, barabara, na nyumba kumi na mbili zaidi za bei nafuu kwenye viwanja vitakavyokutwa vitupu. Tukiikosa, saiti, yaani eneo letu lote hili, itafungwa. Wametuambia waziwazi.

Mimi ni katibu wa kamati ya wakaazi. Ruzuku hii naitaka. Sijataka kitu namna hii kwa miaka mingi.

Jumanne, 5 Machi

Mkaguzi wa kaunsili amekuja saa tatu. Kijana mrefu, mpole, anavua viatu bila kuambiwa. Anaingia kila nyumba mpaka vyumbani, anapima unyevu ukutani, anaandika. Mimi namfuata na orodha. Kila nyumba natia alama: inakaliwa, au tupu. Mwisho nikatia saini.

Namba kumi na nne sikumwacha abishe hodi. Bi Zuhura yumo ndani, yuko katika eda. Mumewe, Mzee Haji, alifariki Januari; miezi minne na siku kumi haijafika hata nusu. Mjane yuko peke yake, na mwanamume mgeni aingie na kipimo chake mpaka kitandani? Nikasema nyumba hii haina mtu. Nikatia alama: tupu.

Nilidhani wataruka ukaguzi tu, basi. Nimerudi nyumbani nikijiona muungwana.

Jumatano, 6 Machi

Kazini. Mafaili ya wagonjwa, herufi M mpaka R. Mvua. Hakuna jipya.

Jumatatu, 11 Machi

Ramani imebandikwa kwenye kibanda cha kamati. Rangi ya njano ni viwanja vya nyumba mpya. Nimehesabu kumi na viwili. Kimoja ni namba kumi na nne.

Nimehesabu tena. Ni hiyo hiyo. Maelezo yako chini: mwenye hati amefariki, nyumba tupu, itaondolewa kiangazi. Pembeni wameambatisha nakala ya orodha. Saini yangu inasomeka vizuri sana.

Nimeona aibu. Nimemwambia Mama Rehema. Akasema, "Umefanya nini, Salum?" Kisha akaendelea kukunja nguo. Afadhali angenitukana.

Jumanne, 12 Machi

Nimeomba ruhusa ya nusu siku, nimekwenda kaunsili. Afisa wa ruzuku ni mama mmoja aliyechoka, lakini si mkali. Amesema orodha inaweza kusahihishwa kama nyumba itakaguliwa kabla ya Alhamisi ya wiki ijayo. Siku hiyo madiwani wanapiga kura. Ila kuna jambo jingine. Maombi yameahidi nyumba mpya kumi na mbili. Zikiwa kumi na moja, hawezi kuahidi kitu.

Akaniuliza kwa nini nilisema hakuna mtu. Nikamweleza eda. Alisikiliza vizuri. Akafungua fomu akanionyesha kisanduku: mkaazi yupo, ukaguzi uahirishwe. Kimo ukurasa wa pili. Sikukiona. Mimi, ninayesoma hata maandishi ya nyuma ya tiketi ya basi.

Jumatano, 13 Machi

Nimekwenda kukiri. Mama Rehema akaingia kukaa na Bi Zuhura, mimi nikasimama nje chini ya dirisha la jikoni. Nimesema yote, tangu alama mpaka rangi ya njano. Nilisikia birika likichemka, likazimwa.

"Salum, aliyekufa ni mume wangu. Mimi mzima."

"Nisamehe, Bi Zuhura. Nilitaka kukusitiri."

"Umenisitiri mpaka umenifuta. Mtu kaja mlangoni kwangu, wewe ndo wa kumjibu? Kwani mimi bubu?"

Akanieleza taratibu, kama anamweleza mtoto wa chuo cha Kurani. Angemwita mke wangu akae naye, mlango ungeachwa wazi, mkaguzi angeingia, angefanya kazi yake, angetoka.

"Eda haijakataza mtu kutengenezewa choo," akasema.

Mama Rehema akacheka kwa sauti. Mimi sikucheka.

"Mlete huyo mrefu. Nilimwona dirishani siku ile, nikashangaa mbona kanipita. Na hati iandikwe jina langu. Haji hana haja nayo tena."

Nimemjua mama huyu miaka tisa. Haikunipitia akilini kumuuliza. Hilo ndilo linaloniuma kuliko saini.

Jumamosi, 16 Machi

Mkutano wa kamati. Mwenyekiti ni Maureen, Muairishi, yuko hapa tangu nyumba hizi zikiwa mpya. Nimesimama nimeeleza kosa langu.

Fred wa namba thelathini akasema bibi ana mwanawe Leicester, aende huko. Nyumba moja isituzamishe nyumba thelathini na saba. Watu kadhaa wakaitikia kwa vichwa.

Maureen akamgeukia. "Na wewe Fred una binti Croydon. Tukupake njano?"

Watu wakacheka, Fred akawa mwekundu. Lakini kicheko hakikuleta kiwanja cha kumi na mbili. Maureen akaniambia, "Wewe ndiye uliyetutia humu, Salum. Tutoe."

Naandika hapa kwa sababu sitaisema popote. Jumatatu, nikiwa mbele ya ramani, na mimi niliwaza Leicester. Kwa dakika moja hivi. Kisha nikajichukia.

Sitaiacha namba kumi na nne. Na ruzuku sitaiacha.

Jumapili, 17 Machi

Tumepima saiti nzima. Sheria inataka mita sita kati ya nyumba na nyumba. Rehema ameshika ncha moja ya utepe, mimi nyingine. Amelalamika baridi kwa lugha zote mbili.

Karibu na geti: pamepungua nusu mita. Nyuma ya namba ishirini na mbili: maji hutuama. Pembeni ya uzio: nguzo ya umeme. Saa saba nilikuwa sina pengine.

Rehema akauliza lile banda la kufulia ni la nani. Si la mtu. Paa limeanguka, hakuna aliyefulia humo tangu watu wanunue mashine. Nimelipita kila siku bila kuliona kuwa ni kiwanja. Tukapima. Likibomolewa, nyumba inaenea, na sentimita arobaini zinabaki. Tukapima tena kuanzia upande wa pili. Arobaini.

Nimechora ramani kwa wino kwenye karatasi ya miraba. Nimemshukuru mwanangu. Amenijibu kwa Kiswahili, jambo ambalo si la kila siku: "Si neno, Baba."

Jumatatu, 18 Machi

Mkaguzi amerudi. Mama Rehema amebadilishana zamu na mwenzake kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi, ili akae na Bi Zuhura. Mlango wazi. Mimi nimebaki nje, mbali. Si pangu.

Dakika arobaini, kwenye mvua. Nilimsikia Bi Zuhura kwa Kiingereza chake alichokiokota kazini, kwenye kiwanda cha mapazia. Mama Rehema amenisimulia. Bibi alikuwa kavaa nyeupe, kajitanda, kakaa wima kama hakimu. Alimwambia kijana akunje zulia aone sakafu iliyooza. Kijana alipopima ukuta mkavu, bibi alimrudisha kwenye wenye maji. "Andika," akamwambia, na kijana akaandika.

Ametoka na kurasa mbili. Nimempa nakala ya ramani ya banda ampelekee afisa wa ruzuku. Nyumba yangu ilipata nusu ukurasa.

Alhamisi, 21 Machi

Ukumbi wa kaunsili, saa moja jioni. Nilivaa suti ya harusi ya mdogo wangu. Nimesema mbele ya madiwani: nilitia saini jambo lisilo kweli, na mkaazi wa namba kumi na nne yupo, alikuwapo siku zote.

Diwani mmoja akauliza, kama mstari mmoja ni uongo, ataaminije thelathini na saba iliyobaki? Swali la haki. Limenichoma. Nikajibu kuwa nyumba hizo zote mkaguzi aliingia mwenyewe, na maandishi yake diwani anayo mkononi. Akayatazama. Akatikisa kichwa kukubali.

Nikatoa ramani ya banda la kufulia. Wakanong'ona. Afisa wa ruzuku akasema amekwenda kulipima mwenyewe jana. Sikujua.

Wamepiga kura. Imepita. Nyumba kumi na mbili mpya. Namba kumi na nne inabaki.

Maureen alilia waziwazi. Nimempa barua ya kujiuzulu ukatibu. Hakuifungua. Amesema mtu hakimbii kabla mitaro haijachimbwa.

Ijumaa, 22 Machi

Baada ya kazi nimepita chini ya dirisha la jikoni kutoa habari. Bi Zuhura alikuwa ameshapata, kwa Rehema. Akaniuliza swali moja tu: hati je? Nikasema wiki sita. Akasema atazihesabu.

Alhamisi, 30 Mei

Wameanza na mabomba ya maji. Mtaro umepita mbele ya nyumba zote za upande wetu, mchanga kila mahali. Banda la kufulia limebomolewa Jumanne.

Eda ya Bi Zuhura imekwisha wiki hii. Hati yake ilifika kwa posta, jina lake kamili, la baba na la babu. Aliisoma mwenyewe.

Leo nilikuwa nyumbani. Saa nne alifungua mlango, kavaa buibui, mkoba mkononi. Anakwenda Tooting kununua mihogo na bizari. Mafundi walikuwa wameweka ubao juu ya mtaro. Nilikwenda haraka nikanyoosha mkono. Kisha nikasita, nikamuuliza kama anataka kushikwa.

"La," akasema. "Nitavuka."

Akavuka polepole. Upande wa pili akakung'uta mchanga viatuni, akauliza maji yatarudi saa ngapi. Saa kumi, nikamwambia. Akaenda zake kituoni.