Herufi Zinazokataa Kukaa

Doldol, Jumapili mchana

Mama Wangeci mpenzi,

Hujambo huko Skuta? Kile kikohozi cha baridi kimekuacha? Mtoto anakula vizuri? Mimi niko salama, ila vumbi la huku limenimaliza macho, na mbuzi wa kununua wamekuwa adimu tangu nyasi zikauke. Najua umeshangaa kupata barua. Tangu tuoane sijawahi kukuandikia hata ujumbe wa simu. Kila mara natuma sauti, nawe unanitania kwamba napenda kujisikia nikiongea. Leo utajua sababu.

Nimekasirika, na sijui nianze na nani. Ati mwalimu anataka Wangeci arudie gredi ya tatu kwa sababu ya kusoma. Kila asubuhi anamsimamisha mbele ya darasa, wenzake wanacheka, kisha anaandika "mvivu" kwenye ripoti. Mvivu! Mtoto aliyekariri hadithi nzima kwa kusikiliza wenzake, hata mwalimu alipofungua ukurasa mwingine yeye akaendelea na ule wa kwanza? Mvivu angejisumbua hivyo?

Lakini nikimkasirikia mwalimu lazima nijikasirikie na mimi. Nilipokuja Pasaka nilimkalisha mezani na kitabu. Neno "mvua" alilisoma vizuri, halafu mistari miwili chini likamshinda kana kwamba hajawahi kuliona. "Baba, nikiziangalia hizi herufi zinakataa kukaa," akaniambia. Nikapiga meza, nikamwita mjinga. Mtoto aliyebeba jina la mama yangu, ambaye siku zote namwita "mami"! Wewe uliinuka ukaenda jikoni. Ulidhani ni hasira. Ilikuwa hofu, kwa sababu hata mimi zinakataa kukaa.

Ndiyo, mke wangu. Kanisani nashika kitabu cha nyimbo, lakini nyimbo zote ziko kichwani. Fomu za shule nakuachia ujaze, nikisingizia miwani.

Mwezi uliopita tangazo lilibandikwa kwenye lango la soko la mifugo. Mzee Lemayian, anayeniuzia mbuzi, akaniuliza, "Imesema nini, rafiki?" Watu walikuwa wengi, nikaona aibu kusimama pale nikihangaika na neno moja moja. Nikamwambia soko liko Alhamisi kama kawaida. Kumbe lilikuwa limefungwa kwa ajili ya ugonjwa wa miguu na midomo. Mzee wa watu akaswaga mbuzi wake siku nzima bure. Hakunitukana, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Alisema tu, "Wewe unajua mbuzi yangu kwa alama ya sikio, hata ikiwa mbali. Karatasi ndio imekushinda?"

Jioni ile nilimweleza jirani yangu, mwalimu Naisula.

"Hiyo iko na jina, Baba Wangeci," akasema. "Inaitwa disleksia, na mara nyingi inatembea kwa familia. Huyo msichana si mjinga. Ni vile tu herufi na sauti yake haziungani haraka kichwani."

Alinionyesha kuchora herufi moja kwa kidole kwenye unga huku nikitamka sauti yake, na kutoanza nyingine mpaka hiyo ikae. Tafadhali mfanyie Wangeci hivyo, kwenye sinia. Tuisheni ya Jumamosi mwondoe. Wanamrudishia yaleyale yaliyomshinda. Na mwambie mwalimu wake asimsimamishe tena. Akikataa, nitakuja nisome mimi mbele ya darasa, wacheke mtu mzima.

Nisalimie mama mkwe, na ndugu yangu fundi wa Kerugoya akipita hapo.

Kuna barua mbili kwenye bahasha. Hii safi ni yako. Ile nyingine ndiyo niliyoandika kwanza, kwa siku tatu, na mwalimu Naisula akazungushia makosa kwa kalamu nyekundu, kisha akanisaidia kuinakili upya. Hakuna mstari uliopona. Hiyo mpe Wangeci. Mwambie imeandikwa na baba yake, na kwamba anaomba msamaha.

Mume wako,
Baba Wangeci