Kopo Jekundu Chini ya Kitanda

Jumapili, Magomeni

Nimemdanganya rafiki yangu Damasi, na bado sijaona aibu ya kutosha.

Saa nane ilipopita, magari ya watu binafsi yakapaki kama sheria ya Jumapili ya kubana mafuta inavyotaka. Tukabaki gereji tukichagua vitu vya gari lake. Chini ni kigari kikuukuu chenye injini nyuma. Juu anakiundia bodi ya gari la mashindano, kama lile la kwenye picha niliyobandika ukutani kwangu. Picha nilimwonyesha mimi.

Usukani wa mbao ameshapata. Viti viwili vya ngozi pia. Mwenye duka Kariakoo kama yeye hakosi kitu, hata mwaka huu ambao sisi tunapanga foleni ya sabuni.

“Wewe ndiye fundi rangi,” akaniambia. “Tupige nyekundu?”

“Jua la hapa litaipausha kabla mwaka haujaisha. Piga nyeupe.”

Akakubali palepale, ingawa najua nyekundu nzuri hustahimili jua miaka mingi. Akanishukuru.

Tukaijaribu nyeupe kwenye mlango mmoja. Imependeza kuliko picha.

Kopo la nyekundu nililonunua kwa ajili ya gari kama hilo nililoota kujiundia liko chini ya kitanda tangu nioe. Jioni hii nimelifungua. Rangi imeganda.