Migdalia, Breki Zile Nilizirudisha Mimi

Mwaka umetimia, mke wangu Migdalia Cutiño, tangu ulipotutoka kwenye mteremko wa Tivolí, hapa hapa Santiago, ndani ya gari ulilolishonea viti kwa mkono wako mwenyewe.

Watu bado wananiuliza nani atawashonea. Nawaambia hakuna. Mshono ukipinda kidogo tu ulikuwa unafumua kiti kizima, mteja yuko barazani ananuna, wewe unampelekea kahawa: "Kaa, baba. Gari lako limesubiri miaka sabini, wewe utashindwa na Jumanne moja?"

Wewe ulisoma, mimi sikusoma. Ndiyo maana leseni ya karakana ilikuwa na jina lako. Kazi yangu ilikuwa chini ya gari. Na tulikuwa tunagombana, mtaa mzima unajua. Mimi nilitaka kila kitu cha gari letu kiwe cha asili, hadi skrubu. Wewe ukanicheka: "Rigo, mzee wangu, huyu ni bibi wa mwaka hamsini na mbili. Gauni lake mwachie, hereni zake mwachie. Lakini magoti mpe mapya, apande na watu na ashuke nao." Nikakubali. Tukamwekea breki za diski zilizotoka kwenye gari la Lada. Vishikio vyake nilivichonga kwa tupa wiki tatu. Akawa anasimama pale unapotaka asimame.

Ndipo wakaja wale wa ofisi ya magari ya watalii. Mkubwa wao akachungulia nyuma ya gurudumu, ameshika suruali isichafuke.

"Ndugu Rigoberto, hii si ya asili."

"Lakini inasimama, ndugu," ukamjibu wewe kabla yangu.

"Sikuuliza kama inasimama, mama. Hati inasema gari la asili."

"Basi na wewe vua miwani. Hukuzaliwa nayo."

Tulicheka sisi, yeye hakucheka. Akatupa siku kumi na tano: turudishe breki za zamani, au kibali cha kubeba watalii kifutwe.

Za zamani zilikuwa bandani, zimelika. Vipande vipya vya kubandika ndani yake nchi hii havipatikani, na wao wanajua havipatikani. Nikachukua vya lori, nikavikata, nikavibandika. Ulisimama mlangoni na sindano mdomoni. "Usifanye, Rigo. Bora tukose hao watalii." Nikafanya. Hukunisemesha siku mbili. Wakaja, wakachungulia tena, wakagonga muhuri wao: GARI LA ASILI.

Siku ya sita tukiteremka, breki zikapata moto, pedali ikazama hadi chini. "Gia, Rigo, gia!" ulipiga kelele. Nilichelewa. Ukuta ulikuwa upande wako.

Mkubwa yule alileta shada la maua mazishini. Wiki mbili baadaye ikatoka ripoti. Binti yetu Yaneisy alikuwa ananisomea, akasita, nikamwambia soma. "Chanzo: kazi mbovu ya karakana. Fundi mhusika: mwenye leseni." Yaani wewe. Amri yao haikutajwa hata kwa neno moja. Nimekwenda ofisini kwao mara saba. Mara ya mwisho yule bwana hakunipa hata kiti. "Ndugu, marehemu hashtakiwi. Sasa unahangaika nini?"

Nahangaika kwa sababu ni jina lako. Miaka thelathini hakuna mteja aliyewahi kurudisha kiti chako, leo karatasi ya watu wasiojua kushika hata spana inakuita fundi mbovu.

Basi kama ofisini hawasikii, wasomaji wa gazeti hili wasikie. Breki zile nilizirudisha mimi, Rigoberto Duvergel, kwa mikono yangu, kwa amri yao, na wewe ulikataa. Wafute jina lako, waandike langu, na chini ya langu waandike la aliyegonga muhuri. Mimi langu nimeshalitoa. Yeye la kwake analificha.

Unakumbukwa na mimi mumeo. Na binti yetu Yaneisy na mumewe Osmel. Na mjukuu wako Liannis, anayelalia ule mto uliomshonea. Na dada yako Nereida, ambaye hadi leo hanisalimii, na simlaumu.

Kukusahau hatuwezi, Migdalia, hata tungetaka.