Aliyeniigiza Wakati wa Uji

Mjukuu wangu Leokadia,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Hapa Mshangano babu yako anapalilia mahindi, goti lake limetulia.

Umeuliza kama mimi nami, nilipofundisha chekechea kama wewe sasa, niliwahi kuichoka kazi. Niliichoka, nikadhani nauficha uchovu huo. Siku moja, wakati wa uji wetu uliokuwa ukinukia moshi, nikawakuta watoto wanacheza shule. Mmoja wao, Kalista, ndiye aliyekuwa mwalimu, yaani mimi. Alishika tama, akatazama dirishani, akasema, "Hesabuni vizibo vya soda, msinisumbue." Wenzake wakahesabu kimya.

Sikumgombeza. Nilikaa chini kati yao nikaomba niwe mwanafunzi. Kalista alicheka, akanigawia vizibo.

Huko kwako, wakicheza shule, anayekuigiza wewe anafanyaje?

Bibi yako