Kiondo Kilichonyimwa Alama

Mwende mjukuu wangu,

Hapa Mukuyuni tuko wazima, na mbuzi wa babu yako amezaa pacha. Umeniuliza kwa nini nashona jina langu ndani ya kila kiondo.

Nikiwa sekondari nilisuka kimoja cha katani. Mwalimu wa sanaa akakisukuma kando: "Hii ni kazi ya nyumbani." Mwalimu wa sayansikimu naye akasema, "Hapa tunashona aproni," akakifungia kabatini. Wote wawili walininyima alama.

Siku ya wazazi, mgeni wa heshima alizawadiwa kiondo changu. Mwalimu mkuu akakiita sanaa ya shule yetu. Nikapiga makofi na wengine, na hadi leo makofi hayo yananiuma.

Sasa anayetaka kupeana kiondo changu, atakipeana na jina langu.

Ni mimi nyanyako,
Kalekye